Meli Ile Ile, Safari Nyingine: Wiki ya Pili Ndani ya Meli

Wiki iliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa kundi letu la Dilala aliuliza swali ambalo halikuhusu mkopo wala masomo ya watoto. Binti yake anayeishi Ulaya amemwambia ajitayarishe: atamtembeza baharini kwa meli kubwa siku saba, kisha siku saba nyingine kwa meli ile ile. «Wiki ya kwanza nimeielewa,» mama akasema. «Lakini meli ikisharudi bandarini na watu wote wakashuka, mimi nitabaki mule ndani nikifanya nini?»

Wengine walicheka. Sisi tuliona ni swali la maana, tukalitafutia jibu, kwa sababu linawahusu pia wamama ambao hawataiona bahari kamwe. Wako kati yetu waliozaliwa Kalemie, wako wenye ndugu Goma na Bukavu, na wako wanaojua maana ya kupanda chombo kwenda kununua samaki na kurudi nacho hicho hicho. Kote huko jibu ni moja. Meli ni ile ile, lakini safari ni nyingine: ina tikiti yake, ina hesabu yake ya watu, na hatari zake ni zake.

Tuanze na hizo meli za matembezi. Ni kama hoteli inayotembea. Unalala chumba kimoja, unakula mle mle, na kila asubuhi unaamka kwenye mji mwingine. Nyingi zinazunguka njia moja wiki baada ya wiki. Anayetaka wiki mbili hununua safari mbili, na kila moja ina namba yake. Kwa hiyo la kwanza la kumwuliza binti ni hili: je, chumba ni kimoja kwa wiki zote mbili? Kikiwa kimoja, mizigo haisogei. Vikiwa viwili, siku ya kubadilisha mama atafunga sanduku lake, na mfanyakazi wa chumba atalihamisha. Mara nyingi nguo zilizotundikwa huhamishwa jinsi zilivyo. Dawa, paspoti na pesa zisipande kwenye gari la mizigo hata kwa dakika tano. Zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Siku ya kubadilisha ndiyo inayowachanganya watu. Meli huingia bandarini alfajiri. Kufikia saa tatu au saa nne asubuhi, maelfu ya abiria wamekwisha kushuka. Vyumba vinafagiliwa, mashuka yanabadilishwa, vyakula vinapakiwa, na mchana wapya wanaanza kupanda. Jioni meli inaondoka. Wanaobaki hupata barua chumbani usiku uliotangulia, ikiwaambia wakutane wapi na saa ngapi. Hesabu ya matumizi ya wiki ya kwanza hufungwa na kulipwa. Kadi ya zamani, ile inayofungua mlango na kulipia soda, huacha kufanya kazi, wanapewa nyingine. Katika bandari nyingi inawabidi kushuka kweli, kwa kundi, kupita mbele ya maofisa wa uhamiaji na wa duane, kisha kupanda tena. Wakati mwingine inaisha kwa nusu saa, wakati mwingine watu wanangoja kwa sababu abiria mmoja hajashuka na hesabu haijakamilika. Usilale siku hiyo. Jina lako likiitwa nawe uko bafuni, watu wote wanakungoja.

Sasa karatasi, na hapa tunaomba wamama wasome polepole. Mwenye paspoti ya Kongo anaingia nchi nyingi za Ulaya kwa visa ya Schengen. Visa hiyo huandikwa ni ya kuingia mara moja, mara mbili, au mara nyingi. Tuhesabu kwa vidole kama tunavyofanya darasani. Mama anashuka kwenye ndege: ameingia mara moja. Meli inatoka Ulaya, inagusa Tunis, inarudi: hiyo ni mara ya pili. Wiki ya pili meli inafanya mzunguko ule ule, inatoka, inarudi: ya tatu. Visa ya mara mbili iliyotosha kwa wiki ya kwanza haitoshi kwa ya pili, hata kama siku zilizoandikwa juu yake bado zipo. Na Tunisia nayo ina sheria yake kwa wageni. Binti anapokwenda kununua safari, aombe orodha ya bandari zote za wiki zote mbili, akaionyeshe ubalozini kabla hajalipa. Wauza safari wengi wamezoea wateja wenye paspoti za Ulaya. Hawalifikirii jambo hili.

Wako pia ndugu zetu wa Marekani. Huko kuna sheria ya mwaka 1886 inayokataza meli za kigeni kuchukua abiria katika bandari moja ya Marekani na kwenda kumshusha katika bandari nyingine ya nchi hiyo hiyo bila kupita bandari ya nchi ya mbali. Kwa mtu wa safari mbili mfululizo, sheria inazihesabu zote mbili kuwa safari moja. Hivyo safari mbili zinazoruhusiwa kila moja peke yake zinaweza kukataliwa zikiunganishwa. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Jambo tunalolipa uzito kuliko yote ni zoezi la kujiokoa. Kabla meli haijaondoka, kila abiria huonyeshwa jaketi lake la kuokoa maisha, namna ya kulivaa, na mahali atakapokwenda kengele ya hatari ikilia. Abiria wa wiki ya pili hunung'unika: «Sisi tulishafanya wiki jana.» Wanaambiwa wafanye tena, na ni haki. Kama chumba kimebadilika, huenda na mahali pa kukutania pamebadilika.

Sheria hii imeandikwa kwa vifo vya watu. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia, yenye watu 4,229 ndani, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikalala ubavu. Watu 32 walikufa. Meli ile ilikuwa na desturi ya kuchukua abiria katika bandari mbalimbali za mzunguko wake, hata kila siku kulikuwa na wanaoanza na wanaomaliza. Siku ile ile karibu abiria 700 walikuwa wamepanda Civitavecchia, bandari iliyo karibu na Roma. Zoezi lao lilipangwa kufanywa kesho yake, kwa maana sheria ya wakati ule iliruhusu kungoja saa 24. Kesho yake meli ilikuwa juu ya mawe. Tangu Januari 2015 mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini, ule uliozaliwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama, unataka zoezi lifanywe kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Haungoji kesho.

Tukiyasema hayo tunafikiria maji yetu wenyewe. Watu wa Katanga wamesafiri kwa maji tangu zamani. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na tangu hapo kwa miaka mingi aliyetaka kufika ziwa la Tanganyika alishuka kwenye treni, akapanda meli juu ya Lualaba hadi Kabalo, akapanda tena treni mpaka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Reli ya Kamina hadi Kabalo ilikuja mwaka 1956 tu. Huu mto unaopita karibu na Kolwezi, tunaouona kule Nzilo, chini yake umewabeba babu zetu.

Na kwenye ziwa lenyewe iko Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikavushwa bahari na kubebwa kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa huko na kuingia majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wakati wa kukimbia, lakini mafundi wake walikuwa wamepaka mashine mafuta mazito kwanza. Ilitolewa chini ya maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya. Meli hiyo ndiyo mfano mzuri wa swali letu. Kwa miaka mingi ilitoka Kigoma siku ya tatu ya kazi, ikafika Mpulungu, Zambia, siku ya tano asubuhi, na mchana wake ikageuza kurudi Kigoma. Asiyeshuka Mpulungu alikuwa na saa chache tu kati ya safari mbili, na mpaka wa nchi katikati.

Anayebaki ndani ya Liemba asitegemee safari ya pili ifanane na ya kwanza. Vijiji vilivyopitwa usiku huenda sasa vikapitwa mchana. Mizigo ni mingine, harufu ni nyingine: ndagala zikipakiwa karibu nawe, nguo zako zitanuka ndagala mpaka nyumbani. Vituo vingi havina gati, meli inasimama majini, na mitumbwi inakuja kushusha na kupandisha watu na magunia. Kwa hiyo idadi ya waliomo inabadilika katika kila kijiji. Mwenye kupanga safari aulize Kigoma kwanza kama meli inatembea, maana imesimama kwa matengenezo zaidi ya mara moja.

Liemba imewahi kufanya safari za kwenda na kurudi ambazo si za matembezi. Mwaka 1997 ilitumika kurudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya Warundi walijazana kwenye ufuko wa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, na Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua, watu mia sita hivi kila safari. Kipindupindu kilikuwa kimeingia katikati yao. Chombo kinachobeba kundi moja asubuhi na jingine jioni kinabeba pia walichokiacha wa kwanza kwenye vyoo na kwenye vishikio vya ngazi. Hata meli za kifahari zinaugua hivyo: tumbo la abiria wa wiki ya kwanza humfikia wa wiki ya pili. Sabuni na maji, wamama, kabla ya kila mlo. Ile dawa ya kupaka mikononi peke yake haitoshi kwa magonjwa ya kuhara.

Halafu hesabu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, mwisho wa safari iliyokuwa imeifanya mara nyingi sana. Watu mamia walikufa, na kuwatambua kulikuwa kugumu kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Tarehe 3 Oktoba 2024 MV Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka mbele ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakiitazama. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga barabara na wafanyabiashara hawakuwa na njia nyingine. Wengi wa wanaopita njia ile ni wamama wanaokwenda na kurudi kwa vyombo vile vile. Chombo unachokijua kinakufanya usikihesabu tena. Tunawasihi wenye ndugu huko wawaambie: jina liandikwe kwenda, liandikwe na kurudi, jaketi lishikwe mkononi kabla ya kulipa, na kama chombo cha kurudi kina watu na magunia kuliko cha kwenda, ingoje kesho, hata kama samaki wataharibika. Tunajua maneno haya ni mepesi kuandika kuliko kuyatenda kwa mama aliyekopa mtaji.

Turudi kwa mama yetu na wiki yake ya pili, maana ametuomba tusimtishe tu. Chakula cha jioni katika meli nyingi kinarudia orodha ya wiki ya kwanza, na michezo ya jioni vilevile. Ukiwa umechoka, mwambie mhudumu wa meza. Wiki ya pili anakufahamu, na mara nyingi atakutafutia kitu kingine. Bukari asiitarajie. Wahudumu hao wengi wametoka Ufilipino, Indonesia na India, wanafanya kazi miezi mingi bila kwenda nyumbani, na wengi wameacha watoto kwa bibi zao, jambo ambalo wamama wa hapa wanalielewa bila kuelezwa. Pesa ya shukrani kwa wafanyakazi mara nyingi inaongezwa kwenye hesabu kwa kila siku, kwa hiyo wiki mbili ni mara mbili. Binti alijue hilo mapema.

Kufua kunalipiwa kwa kila nguo, ndiyo maana tunamshauri abebe vikwembe vyepesi vinavyokauka usiku mmoja bafuni. Bima ya safari itaje tarehe za wiki zote mbili na namba zote mbili za tikiti. Dawa ya presha abebe ya wiki tatu, si mbili, ikiwa ndani ya boksi lake pamoja na karatasi ya daktari. Na kama bandari za wiki ya pili ni zile zile, si lazima kushuka tena: siku ambayo wenzake wote wamekwenda mjini, meli huwa kimya, viti vya juu vyote viko wazi, na mama aliyelea watoto maisha yake yote anaweza kulala mchana mzima bila mtu kumwita.

Karatasi ya maswali kwa binti tumeiandika kwa Kiswahili na Kifaransa. Anayeihitaji aiombe siku ya likelemba ijayo.