Chukua Data, Acha Picha

Mtu anayetaka kuchora ramani ya visima vya kata yake, au ya njia anazokimbia Jumamosi asubuhi, mara nyingi huanza pabaya. Hufungua ramani kwenye simu, hupiga picha ya skrini, kisha huchora mistari yake juu. Picha hiyo inapendeza, lakini barabara iliyomo ni rangi tu: huwezi kuiuliza urefu wake, wala kuyaondoa maduka yasiyokuhusu. Tena, masharti ya kampuni kubwa za ramani kwa kawaida hukuruhusu kutazama na kuelekezwa njia, si kunakili barabara zao na kuzifanya zako. Anayeanza na data iliyo wazi atatoka jasho siku ya kwanza, lakini atapata mambo mawili ambayo picha haina: uwezo wa kuuliza swali lake mwenyewe, na njia ya kujua jibu alilopata lina kasoro gani. Hilo la pili halisemwi sana, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi.

Data hizi hazikuwa wazi tangu mwanzo. Steve Coast alipoanzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia inayohaririwa na yeyote, mwaka 2004, Uingereza ilikuwa na ramani nzuri mno za Ordnance Survey, taasisi ya umma, ila mwananchi aliyetaka kutumia data zake alipaswa kulipia leseni. Jibu la Coast lilikuwa kuwaalika watu wenye vipokezi vya GPS wachore upya mitaa yao. Ordnance Survey yenyewe ilifungua sehemu ya data zake mwaka 2010. Marekani, kazi za serikali kuu kwa kawaida hazina hakimiliki nchini humo, lakini hata huko picha za setilaiti za Landsat ziliuzwa kwa mamia ya dola hadi uamuzi wa mwaka 2008 wa kuzitoa bure. Kwetu, kazi kubwa ilifanyika kwa miguu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliuchora mtaa wao uliokuwa karibu mtupu kwenye ramani za mtandaoni. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam kuandika barabara, majengo na mitaro ya kata zinazofurika. Mtaro mmoja katika data hizo unaweza kubeba upana wake, kina chake, na kama ni wa zege au wa udongo. Hakuna picha ya skrini itakayokwambia hayo.

Tuchukue bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam. Mfanyakazi wa benki mwenye kompyuta ya kawaida anataka kuona nyumba na barabara zilizo chini kuliko nyingine. Geofabrik, kampuni ya Karlsruhe nchini Ujerumani, hutoa kila siku faili la OpenStreetMap la nchi nzima. Akilipakua, atalifungua kwa QGIS, programu huria aliyoianzisha Gary Sherman mwaka 2002 ambayo hadi leo hailipiwi. Kwa miinuko atatafuta data za SRTM, zilizokusanywa kwa rada kutoka chombo cha angani Endeavour katika safari ya siku 11, Februari 2000. Faili la Dar es Salaam linaitwa S07E039, jina linalotaja kona yake ya kusini-magharibi: latitudo 7 kusini, longitudo 39 mashariki. Ndani yake kuna nukta 3,601 kwa 3,601, moja kila mita 30 hivi, na uzito wake kabla ya kubanwa ni megabaiti 26 tu. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa nukta hizo zimepangwa kwa digrii ilhali kimo kiko kwa mita. Mteremko ukikokotolewa hivyo hivyo, kila kilima kinageuka ukuta. Dawa yake ni kuigeuza ramani iende kwenye UTM kanda ya 37 kusini, mfumo unaopima kwa mita, na ndipo mteremko unakuwa wa kweli.

Sasa bonde linaonekana, na barabara zinazolivuka pia. Je, aitangazie mitaa ni nyumba ipi itaingiwa na maji? Hapana, na sababu zimo katika maelezo yanayoandamana na data hizo. Vimo vimeandikwa kwa mita nzima, vinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na rada iliona mapaa na vilele vya miti mahali pengi badala ya ardhi yenyewe. Katika bonde tambarare, mita moja ndiyo inayoamua nani analala pakavu. Ramani yake inafaa kuonyesha umbo la bonde, basi. Ramani ya kampuni ingempa rangi ya kijani na bluu bila kumwambia lolote kati ya hayo.

Wapo watakaosema ramani inayohaririwa na yeyote haiaminiki. Makosa yapo, na vijijini mapengo ni makubwa kuliko makosa. Lakini kila badiliko katika OpenStreetMap huacha alama ya lini lilifanywa na kwa akaunti gani, na anayeona njia imepotoka anaweza kuinyoosha jioni hiyo hiyo. Karatasi za serikali za 1:50,000 zina vipimo makini, ila nyingi zilichorwa miongo mingi iliyopita, kabla ya mitaa mingi ya leo kujengwa. Pingamizi la gharama ya bando lina uzito zaidi: faili la nchi nzima ni mamia ya megabaiti. Anayehitaji kata moja asilipakue. Huduma ya Overpass humpa visima peke yake, au mitaro peke yake, ya eneo alilochora kwa kipanya.

Linabaki suala la leseni, ambalo watu huliogopa bure au hulipuuza kabisa. Tangu mwaka 2012 data za OpenStreetMap zinatumia leseni ya ODbL. Ukichapisha ramani kwenye fulana za klabu ya mbio au ukutani mwa shule, taja kwamba data zimetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap, na unaruhusiwa hata kuiuza. Ukizirekebisha data zenyewe kisha ukatoa hadharani kitu kilichojengwa juu yake, lazima marekebisho hayo yapatikane kwa wengine kwa leseni ileile. Wapo wafanyabiashara wanaoliona sharti hili kuwa zito. Kwa mwenye visima kumi na viwili alivyovipima mwenyewe kwa simu, ni suala la kufungua akaunti na kuviingiza, ili atakayepakua faili la Tanzania wiki ijayo avikute humo.