Je, kingamwili zinaweza kuzuia mimba bila homoni?

Kwa mwanamke wa Gitaza, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, sindano ya miezi 3 na kipandikizi ni njia za uzazi wa mpango zinazotegemea homoni. Baadhi ya wanaozitumia huziacha kwa kuvurugikiwa hedhi.

Watafiti wanatafuta njia nyingine: kuizuia mbegu ya kiume yenyewe kwa kingamwili, askari wa mwili dhidi ya maradhi. Wazo hilo limewahi kujaribiwa Afrika Mashariki. Mwaka 1995, wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen, Nairobi, na wenzao wa Marekani walichapisha matokeo ya chanjo iliyolenga LDH-C4, protini ya mbegu. Nyani jike waliochanjwa walipungukiwa uwezo wa kushika mimba, kisha ukarejea.

Ugumu wa chanjo ni kwamba kila mwili hutengeneza kingamwili kwa kiwango chake, na mtu hawezi kuzizima siku anayotaka mtoto.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, wakachukua mkondo mwingine. Kingamwili zao huzalishwa katika mmea wa jamii ya tumbaku, kisha hutiwa kwenye utando mwembamba unaoyeyuka ukeni. Hushika alama iitwayo CD52g iliyo juu ya mbegu, nazo mbegu zikashikamana na kunasa katika ute kabla ya kulifikia yai.

Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2023, mbegu zenye uwezo wa kuogelea zilipungua sana. Hata hivyo, kilichopimwa ni usalama na mwendo wa mbegu, si mimba, na utando huo bado hauuzwi popote.