Volkano na Magofu kwa Siku Moja: Panga Hivi Ukitoka Kisian, Usije Ukafika Giza

Kuna ile status ya beshte yako aliye majuu. Picha ya kwanza ako Pompeii, kati ya kuta za Warumi wa kale. Picha ya pili ako juu ya Mlima Vesuvius, ile volkano iliyofukia huo mji mwaka wa 79. Zote siku moja, gari yao wenyewe, dere wao wenyewe. Wewe uko stage ya Kisian unangoja mat ijae, na unaanza kuulizana na maisha yako.

Sikia. Hiyo ploti unaweza kuipiga hapa hapa nyumbani, bila visa. Volkano tuko nayo, na siku ya hewa safi unaweza kuiona ng'ambo ya Ghuba ya Winam ukisimama ufuoni: ule mlima mkubwa upande wa Homa Bay. Magofu pia tuko nayo, tena ya kiwango cha dunia. Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, iliwekwa na UNESCO kwa orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018, orodha ile ile iliyo na Pompeii na Fort Jesus. Shida ni kwamba wasee wengi wakiskia hivyo wanafanya ile makosa mimi na mbogi yangu tulifanya.

Tulitaka vyote. Tukaanza na mlima, kwa sababu mlima uko karibu na tulikuwa na nguvu ya asubuhi. Tukashuka saa tisa mchana tukiwa tumekwisha, maji imeisha, viatu vyeupe vimekuwa vya kahawia. Dere akatuambia Thimlich bado iko mbali, tukamwambia akanyage tu. Tukafika jua likizama. Mzee tuliyempata pale alituangalia kama watoto waliochelewa shule, akatuambia kwa upole turudi siku nyingine. Gari la wasee saba, mafuta ya siku nzima, na kile tulichoona ni ukuta mmoja kwa mbali na mbuzi wakienda nyumbani. Kurudi hakuna aliyeongea hadi Ahero.

So kanuni ya kwanza ni hii: kwa siku moja ukitoka Kisian, huwezi panda Mlima Homa na uende Thimlich. Chagua. Kama unataka volkano na magofu pamoja, basi volkano yako ya siku hiyo haitakuwa mlima. Itakuwa shimo.

Shimo gani? Simbi Nyaima, pale karibu na Kendu Bay. Wengi tunaijua kama ziwa la hadithi: ajuza alifika kwa sherehe usiku akinyeshewa, watu wakamfukuza, mama mmoja tu akamkaribisha, na kijiji chote kikazama na watu wake. Hilo jina Nyaima lenyewe linabeba habari ya kuzama. Hadithi ni tamu, na uliza wenyeji wakusimulie vizuri kuliko mimi. Lakini wanajiolojia nao wako na story yao, na ukiangalia si mbali sana na ya ajuza. Simbi ni kreta. Miamba ya moto ilipanda kutoka chini, ikakutana na maji yaliyo ardhini, maji yakageuka mvuke ghafla na ardhi ikalipuka. Hakukuwa na muda wa kujenga mlima. Lilibaki tundu la mviringo, likajaa maji. Ndio maana ziwa liko hapo tu, halina mto wa kuingia wala wa kutoka, na maji yake ni ya magadi, rangi ya kijani nzito kama mboga imechemshwa sana. Hiyo kijani ni viumbe vidogo vinavyopenda maji ya magadi, na flamingo wanavipenda pia. Siku zingine utawapata wengi, siku zingine hakuna hata mmoja, so usiahidi msupa wako flamingo.

Uzuri wa Simbi ni kwamba iko kwa njia. Unapita hapo ukienda Homa Bay na unapita tena ukirudi. Hii ndio inafanya ploti nzima iwezekane: asubuhi unaipita bila kusimama, hata kama crew inalia, unaenda hadi mwisho wa safari kwanza. Jioni unasimama ukirudi, jua likiwa chini na picha ziko sawa.

Saa sasa. Toka Kisian saa kumi na moja alfajiri. Sio saa kumi na mbili, na sio ile "tumetoka" ya Kikenya mtu akiwa bado anaoga. Sababu ni kwamba lazima upite ndani ya Kisumu, na ukichelewa utakutana na watu wa kazi. Kutoka hapo ni Ahero, unakata kuelekea Katito, unafuata hiyo barabara hadi Kendu Bay, halafu Homa Bay mjini. Kunywa chai Homa Bay, jaza mafuta hapo, toa cash kidogo hapo. Kisha Rodi Kopany, upande wa Ndhiwa, na kutoka huko unauliza Thimlich. Ramani ya simu itakufikisha, lakini pakua kabla ya kutoka, maana network inaweza kukuacha mahali. Kwa ujumla mimi huhesabu saa nne kwa njia moja pamoja na chai. Ukitoka kumi na moja, saa tatu asubuhi uko getini, na ukichelewa saa nzima bado uko fiti.

Kuna wale watasema wewe wa Kisian una shortcut: unakata kwa ile barabara ya Bondo, unashuka hadi Luanda Kotieno, unapanda feri hadi Mbita, unaingia Homa Bay kwa lami bila kuona Kisumu. Ni kweli, na ni safari tamu. Lakini feri ina saa zake na ina nafasi zake za magari. Ukiikosa asubuhi siku imeenda. Hiyo iache ya siku ambayo huna haraka.

Mvua nayo. Huku kwetu mara nyingi inakuja alasiri. Anga inakuwa nyeupe asubuhi, inakuwa nyeusi saa tisa. Barabara za huko ndani zikipata udongo mweusi na maji, Probox inageuka mtumbwi. Mwezi wa nne sijaribu kabisa.

Tuongee gari, kwa sababu hapa ndipo watu huchomeka. Private haimaanishi beshte wa beshte aliye na Noah ya mamake. Kisheria gari linalobeba abiria wa kulipa linafaa kuwa na leseni ya kazi hiyo na bima ya kazi hiyo. Bima ya gari la kawaida la nyumbani haihesabu abiria waliolipa fare. Kukitokea ajali, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa, na hospitali haitajali kwamba mlikuwa marafiki. Uliza dere akuonyeshe stika na karatasi kabla mtoe deposit. Akikasirika, hiyo ni jibu.

Hesabu pia si ngumu. Kwenda na kurudi panga kilomita 370 hivi, na kona za hapa na pale. Gari inayokula lita moja kwa kilomita kumi inataka karibu lita arobaini. Zidisha na bei ya mafuta ya wiki hiyo, ongeza siku ya dere na siku ya gari, halafu gawanya kwa vichwa. Saba ni namba poa. Watatu ni msoto. Na muelewane mapema: ni nani anamlisha dere, saa ngapi siku yake inaisha, na mkichelewa mnaongeza ngapi. Dere aliyeamka saa tisa usiku kuwafuata Kisian hafai kuendesha hadi usiku wa manane. Hata kama anasema ako sawa.

Umefika Thimlich. Usikimbilie picha.

Jina lenyewe ni Kijaluo, ni kama kusema msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni ile boma ya mawe. Inaaminika zilijengwa karibu karne ya 16. Ni Kochieng utaingia, ndiyo kubwa, lakini kuna zingine hapo: Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zinapanda kutoka mita 1.5 hadi 4.5, na unene wake ni mita moja hadi tatu. Simama karibu uangalie kitu kimoja: hakuna chochote kinachoshikilia hayo mawe. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna hata matope. Mrumi wa Pompeii alikuwa na chokaa yake. Hawa walikuwa na macho na mikono tu.

Ukuta una uso wa nje, uso wa ndani, na kati yao mawe madogo yaliyopangwa kufunga pande zote mbili. Mawe hayakuchongwa. Kila moja liliokotwa, likageuzwa, likajaribiwa hadi likakaa. Kuta pia hazikuenda moja kwa moja, zinapinda pinda, na huko kupinda kunasaidia zisianguke. Milango ni mifupi makusudi. Ukiingia lazima uiname, na mtu aliyeinama hawezi rusha mkuki. Ndani walikaa watu na ng'ombe wao, usiku umefungwa nje na simba na wezi wa mifugo. Jamii mbalimbali zilipishana hapo kwa vizazi, zikarekebisha kuta na kuendelea, hadi karne ya 20. Na si boma moja iliyopotea porini. Watafiti wamehesabu sehemu 138 zenye mabaki kama haya upande huu wa ziwa. Ukiwahi ambiwa shule kwamba mawe ya kujengwa ni mambo ya Misri na Great Zimbabwe, sasa unajua.

Na hii ndio sababu nimesema usikimbilie picha. Ukuta usio na saruji unasimama kwa sababu kila jiwe linaegemea lingine. Msee akipanda juu ndio apate angle ya TikTok, jiwe moja linacheza. Mwezi ujao mvua inaingia hapo. Mwaka ujao kipande kimeanguka, na kurudisha si kazi ya fundi wa mtaa, ni lazima mtu anayejua ule mpango. Hizo kuta zimevumilia zaidi ya miaka 400. Hazijajengewa kupandwa na crew ya Kisumu wikendi. Piga picha ukiwa umesimama chini, ni noma zaidi hata, ukuta unaonekana mrefu.

Chukua mtu wa kuwatembeza. Mahali pako chini ya National Museums of Kenya, kwa hivyo weka pesa ya kiingilio kwa M-Pesa, na umpe aliyewatembeza shukrani yake mkononi. Muite mzee au jaduong', kaa chini umsikize. Hapo ndipo utapata vitu bango halina.

Saa sita au saba mchana toka hapo. Dishi Homa Bay: samaki na ugali, karibu na ziwa. Ukiwa hapo utaona kilima kimesimama juu ya mji kama pembe. Hicho ni Asego, sio Mlima Homa, na kila crew iko na mtu mmoja anayebishana kuhusu hii. Saa kumi uko Simbi. Zunguka ukingoni, lakini usiogelee: kingo zina mteremko, na hayo maji si ya kuogea. Saa kumi na mbili uko njiani, saa mbili usiku uko Kisian.

Na mlima wenyewe? Upe siku yake. Mlima Homa una mita 1,751, na ziwa liko karibu mita 1,134, so ukianzia chini unapanda zaidi ya mita 600 bila ngazi. Ulilala zamani sana, usiogope. Ila ulikuwa volkano ya aina adimu: sehemu ya miamba yake iliyeyuka ikiwa jamaa ya chokaa, sio ile lava ya kawaida. Volkano moja tu duniani bado inatapika kitu cha ukoo huo, Ol Doinyo Lengai kule Tanzania. Chini ya mlima kuna chemchemi za maji moto pale Bala, usiingize mguu kabla ya kuuliza mwenyeji.

Rasi hiyo yote ni kitabu. Pale Nyayanga watafiti walitangaza mwaka wa 2023 kwamba wamepata zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya kiboko aliyechinjwa nazo. Na pale Kanam, Louis Leakey alipata taya ya binadamu mwaka wa 1932, akaacha alama za chuma kwenye tovuti zake. Mwaka wa 1935 profesa akaja kutoka Uingereza kuhakikisha. Alama hazikuwepo. Wavuvi walikuwa wamezing'oa wakatengeneza mikuki ya samaki.

Kwa mlima beba maji lita tatu kila mtu, tafuta kijana wa kijiji awaongoze kwa sababu njia hazina alama, na muwe mnashuka kufikia saa saba. Dere aambiwe angoje upande ule ule mliopandia. Sisi tulishukia upande mwingine.