Nani Atamwigiza Askari?

Yapo mambo ambayo mtu huyadhania kuwa ni mchezo wa watoto hadi siku atakapoyasikiliza kwa makini. Mojawapo ni ule ubishi wa vijana juu ya filamu za vikosi vya mashujaa wa ajabu, wale wanaoruka angani, wanaozuia risasi kwa kiganja na kuiamuru radi ipige pale wanapotaka. Wapo vijana, mjini na shamba, wanaokaa jioni wakiulizana: kitabu fulani cha katuni kikigeuzwa kuwa filamu, nani apewe nafasi ya nani? Mwandishi wa makala haya aliuhesabu ubishi huo kuwa ni wa kupotezea wakati. Fikra hizo zilibadilika katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, makao makuu ya nchi hiyo. Zama za utawala wa Dk. Hastings Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na wenyeji husema kuwa jina lenyewe, kwa Kichewa, ni kiapo cha mtu anayeahidi kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000. Leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani, na baada yao Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, ya ibada na ya ugomvi wa kisimani. Msafiri aliyesikia Kichewa njia nzima tangu Lilongwe hushtuka kusalimiwa "Habari ya safari?" akadhani amerudi kwao.

Watu wa Dzaleka si wageni wa sanaa. Tangu mwaka 2014 kambi hiyo ina tamasha lake liitwalo Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongomani Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye zaidi kwa jina la Menes La Plume, ambaye mwenyewe alifika Malawi akiwa mkimbizi. Kwa hiyo haikuwa ajabu kuwakuta vijana saba, wavulana watano na wasichana wawili, wamekaa kivulini nje ya kibanda cha video, wakibishana juu ya daftari la shule. Katika daftari hilo walikuwa wameorodhesha majina ya mashujaa upande wa kushoto na majina ya waigizaji upande wa kulia.

Ubishi wa kwanza ulimhusu Ororo, aitwaye Storm, mwanamke aziongozaye mvua na dhoruba katika kikosi cha X-Men. Wasiomjua hawana budi kuelezwa. X-Men walianza kuchapishwa Marekani mwaka 1963, wakiwa kikosi cha vijana wa Kimarekani watupu. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakakiunda upya kwa kukusanya watu wa mataifa mengi: Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mjapani, Mwayalandi, Mhindi Mwekundu wa kabila la Apache, na Ororo, ambaye mama yake ni Mkenya. Askari aliyewahi kutumikia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa atakitambua mara moja kikosi cha namna hiyo, pamoja na matatizo yake ya lugha na chakula.

Kwa mujibu wa vitabu hivyo, wazazi wa Ororo waliuawa Cairo katika vita vya Suez vya mwaka 1956, nyumba yao ilipoangukiwa na ndege. Mtoto alifukiwa chini ya kifusi, akaokoka, akaishi kwa wizi wa mifukoni, kisha akaenda kwa miguu kuelekea kusini hadi Afrika Mashariki. Tangu siku ya kifusi hawezi kustahimili mahali pafinyu palipofungwa.

"Afande, huyu ni mkimbizi," alisema binti mmoja. "Watu wanamtazama nywele nyeupe na radi. Sisi tunamtazama miguu. Mimi mwenyewe silali mlango ukifungwa."

Sasa, katika filamu zilizotengenezwa tangu mwaka 2000, Ororo aliigizwa na Halle Berry, na baadaye Alexandra Shipp, wote Wamarekani. Bi. Berry alijaribu lafudhi ya Kiafrika katika filamu ya kwanza. Katika zilizofuata lafudhi hiyo ikatoweka. Baada ya kampuni ya Disney kuinunua Fox mwaka 2019, haki za kuwatengenezea X-Men filamu zimerudi kwa Marvel, na filamu mpya inaandaliwa. Ndipo swali la vijana lilipozaliwa: safari hii nani?

Kundi la kwanza lilishikilia kwamba hapana budi awe binti wa huku kwetu. Ushahidi wao ulikuwa filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Humo Lupita Nyong'o, Mkenya, alikuwa mpelelezi Nakia. Danai Gurira, aliyekulia Zimbabwe, alikuwa Jenerali Okoye. Na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, alikuwa Ayo, askari wa kikosi cha wanawake kinachomlinda mfalme. Nani aliyeona gwaride la askari wale, waliuliza, akasema kwamba mwanamke wa Kiafrika hafai kuongoza kikosi?

Kundi la pili lilijibu kwamba sanaa haina pasipoti. Ushahidi wao ulitoka Malawi yenyewe. Mwaka 2019 mwigizaji Chiwetel Ejiofor, Mwingereza mwenye asili ya Nijeria, aliongoza filamu ya The Boy Who Harnessed the Wind, inayosimulia habari za William Kamkwamba, kijana wa Wimbe, Kasungu, aliyeunda kinu cha upepo kwa vyuma chakavu wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002. Aliyemwigiza kijana huyo hakuwa Mmalawi bali Maxwell Simba, mvulana kutoka Kenya, aliyelazimika kujifunza Kichewa. "Akajifunza," alisema mvulana mmoja kwa msisitizo. "Na sisi tumejifunza Kichewa. Mbona hakuna anayetuambia kwamba sasa tunaweza kucheza nafasi ya Mmalawi?"

Hoja hiyo ilinyamazisha kivuli kizima kwa muda.

Mzee mmoja wa Kichewa, aliyekuwa amekaa pembeni akingoja baiskeli yake itiwe kiraka, aliingilia kati. Alisema kwamba Wachewa wamekuwa wakigawa nafasi za namna hiyo tangu zama za mababu katika Gule Wamkulu, ile ngoma ya vinyago ambayo UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa urithi wa binadamu. Humo kuna vinyago vya wanyama wa porini, vya mizimu, vya wafanya biashara ya watumwa, na hata vya pikipiki na helikopta. Kila kinyago huonyesha tabia fulani, mara nyingi mbaya, ili watazamaji wajifunze. "Mtu akivaa kinyago," alisema mzee, "hatuulizi ametoka kijiji gani. Tunauliza kama amekicheza sawasawa."

Baada ya hapo daftari likafunguliwa ukurasa wa pili, na hapo ndipo ilipofahamika kwamba vijana wale hawakuwa wakibishana juu ya filamu za wengine tu. Walikuwa wameunda kikosi chao. Walisema kilichowapa moyo ni Supa Team 4, tamthilia ya katuni ya Mzambia Malenga Mulendema iliyotolewa na Netflix mwaka 2023, inayowahusu wasichana wanne wa Lusaka wanaoiokoa dunia chini ya uongozi wa mpelelezi mstaafu, kwa fedha kidogo. Kama Lusaka imepata kikosi, walisema, Dzaleka ina upungufu gani?

Katika kikosi chao yumo binti ambaye mahasimu wakitukanana mbele yake, kila mmoja humsikia mwenzake kwa lugha ya mama yake. Yumo mama muuza mandazi ambaye karai lake haliishi. Yumo fundi baiskeli awezaye kutengeneza kila kilichovunjika isipokuwa mguu wake mwenyewe. Nafasi ya muuza mandazi amepewa Lupita Nyong'o, kwa sharti kwamba kwanza afundishwe kukanda unga. Fundi ni Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi. Huyo katika X-Men: First Class ya mwaka 2011 alipewa nafasi ya Darwin, mtu ambaye kipaji chake ni kutokufa, na bado akauawa mapema, mwaka 2025 akapata heshima yake katika filamu ya Superman akiwa Mister Terrific. Mbele ya jina lake vijana wameandika: "Huyu asife." Binti wa lugha ataigizwa na yule binti asiyelala mlango ukifungwa. Hapakupigwa kura; alijiandika mwenyewe.

Mstari wa mwisho uliandikwa neno moja, Askari. Upande wa kulia palikuwa patupu.

Niliwauliza kwa nini. Walitazamana, maana walikwisha kujua kazi yangu. Hatimaye kijana wa Kivu akasema: "Si kwamba tunawachukia, afande. Ni kwamba hatujui aseme nini. Askari wengi niliokutana nao tangu utotoni walisema neno moja tu: karatasi."

Binti naye akaeleza lake. Yeye na mama yake walikuwa wakiuza nguo Lilongwe. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei polisi na wanajeshi wakatumwa kutekeleza amri hiyo. "Askari aliyetutoa hakutupiga wala hakututukana," alisema. "Ila hakututazama usoni hata mara moja. Mtu wa hivyo nitamwandikia maneno gani?"

Kila serikali ina sheria zake juu ya wageni, na askari hupewa amri azitekeleze. Hayo si ya kubishiwa katika ukurasa huu. Lakini hapana amri iliyowahi kuandikwa ikamkataza askari kumtazama mtu usoni. Niliona haya, ingawa askari yule hakuwa wa jeshi langu.

Ndipo nilipowasimulia habari za watu wawili. Wa kwanza ni Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa katika Rwanda mwaka 1994, mwaka ule ule ilipofunguliwa Dzaleka. Hakuwa na silaha. Aliwapakia watu katika gari lake, wachache wachache, akawapitisha kwenye vizuizi vya wauaji kwa maneno laini, mzaha na sigara. Aliokoa mamia kabla ya kuuawa Mei 31 mwaka huo.

Wa pili ni Praiveti Chancy Chitete, wa Malawi. Novemba 2018, karibu na Beni, majeshi ya Malawi na Tanzania yaliyokuwa pamoja katika Kikosi Maalumu cha Umoja wa Mataifa yalipambana na waasi wa ADF. Koplo mmoja wa Tanzania alijeruhiwa vibaya, akawa amelala wazi mbele ya bunduki za adui, hawezi kujisogeza. Chitete alimwendea, akamburura hadi mahali penye usalama, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo alipigwa risasi, na majeraha hayo yakamwua. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunuku nishani ya ushujaa, na nishani hiyo ina jina la yule yule Kapteni Mbaye Diagne.

Binti aliuliza: "Koplo alipona?"

Nilimjibu kwamba alipona.

Kijana wa Kivu, ambaye Beni kwake si jina la gazetini bali mahali alipozikwa shangazi yake, alichukua kalamu akafikiri. "Basi askari wetu tusimpe nguvu yoyote ya ajabu," alisema. "Kama risasi hazimwingii, kumburura mwenzake ni kazi ya bure. Awe mtu tu."

Wenzake wakaafiki, wakampa askari tukio moja. Kikosi kinafika kwenye kizuizi usiku, watu wa nyuma wanakimbizwa na adui, na karatasi zao zimelowa mvua hazisomeki. Askari wa zamu anainua tochi, anawatazama usoni mmoja mmoja, kisha anainua boriti. Wakishapita anaishusha, anabaki peke yake upande anaotokea adui.

"Na nani atamwigiza?" niliuliza.

"Wewe, afande," alisema binti.

Nilicheka, nikasema kwamba mimi si mwigizaji.

"Si lazima useme neno," akanijibu. "Uinue boriti tu, na ututazame."

Aliandika cheo changu kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, akasema kwamba jina litajazwa baadaye, akipatikana anayefaa zaidi.

Jioni nilirudi Lilongwe. Njiani palikuwa na kizuizi cha polisi. Konstebo kijana alikuja dirishani, akatuangazia tochi, akasema "Muli bwanji?", akangoja kila abiria aitikie, hata mtoto aliyekuwa usingizini mgongoni mwa mama yake, ambaye mama alimwitikia. Ndipo boriti ikainuliwa. Sikumuuliza jina lake, na sasa najuta, maana katika daftari la Dzaleka bado pana nafasi moja haijajazwa. Wapiganaji na polisi msomao ukurasa huu, nafasi hiyo haihitaji kuruka angani. Kila mmoja wetu huijaribu kila siku, na watu husimama foleni wakitutazama jinsi tunavyoicheza.