Tairi Kubwa Halivuti Tela

Swali ni lilelile kila masika yakikaribia: fundi, pikapu yangu ivute tela na ipite matopeni, niifunge tairi kubwa kiasi gani? Limekosewa tangu mwanzo. Ukubwa hausemi tairi linabeba nini; kinachobeba mzigo ni upepo, pamoja na uimara wa tairi kuuhimili upepo huo. Soma ubavuni. Tairi la 31x10.5R15 mara nyingi huandikwa namba ya mzigo 109, yaani kilo 1,030. La 33x12.5R15, refu na pana zaidi, mara nyingi huandikwa 108, kilo 1,000, kwa kuwa hutengenezwa kujazwa psi 35 wakati dogo hufika 50. Na yale membamba ya 7.50R16 ya Land Cruiser za kazi yapo yenye 121, kilo 1,450 kila moja. Anayeyavua hayo na kufunga mapana ya 108 amelipa fedha ili gari lake libebe pungufu.

Watasema tairi kubwa huinua gari. Ni kweli, lakini hesabu ifikishwe mwisho. Hilux yenye 265/65R17 ikifungwa 285/70R17, kipenyo hutoka milimita 776 hadi 831, na difu hupanda nusu tu ya tofauti hiyo, chini ya sentimita tatu. Bei yake ni karibu asilimia 7 ya nguvu ya kuvuta katika kila gia, ile ile unayoihitaji ukipandisha mlima wa Kitonga na tela la tani mbili. Breki nazo huongezewa kazi. Wengine hushikilia kwamba upana huzuia kuzama mchangani. Kinachozuia ni kupunguza upepo: tairi hulala, unyayo wake ukarefuka, na la kawaida lililoshushwa hadi psi 18 hupita pale ambapo pana lenye psi 40 huchimba shimo.

Basi fuata saizi iliyo kwenye kibandiko cha mlangoni, namba ya mzigo isipungue ile ya kiwandani. Kwa tela kubwa tafuta tairi lenye herufi LT au C ubavuni. Kwa matope, kashata nene. Spea iwe saizi hiyohiyo. Takriban asilimia 10 ya uzito wa tela hukalia ndoano, hivyo jaza tairi za nyuma upepo wa mzigo kamili. Beba pampu, na usirudi lami na psi 18: tairi legevu lenye tela nyuma huchemka, kisha hupasuka.