Filamu huenda palipo na boti ya uokozi

Aprili 2009 meli ya mizigo Maersk Alabama ilikuwa safarini kuja Mombasa, ikiwa imebeba pamoja na mengine chakula cha msaada cha Kenya, Uganda na Somalia, ilipovamiwa na maharamia. Nahodha wake, Richard Phillips, alichukuliwa mateka ndani ya mashua ya kuokolea ya meli yake mwenyewe. Kisa kile kilikuwa cha bahari yetu. Lakini Hollywood ilipokitengenezea filamu, Captain Phillips ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Paul Greengrass, picha nyingi za baharini zilipigwa Malta, kwenye Mediterania, juu ya Maersk Alexander, meli ya muundo uleule. Waigizaji wa Kisomali waliopatikana Minneapolis, akiwemo Barkhad Abdi ambaye hakuwa amewahi kucheza filamu, walifundishwa kuogelea na kuendesha boti za kasi kabla ya kamera kuwashwa.

Wakati ule uharamia ulikuwa haujakoma, na hakuna aliyetarajia kikosi cha filamu kitie nanga karibu na Somalia. Swali la biashara ni kwa nini fedha zilitua Malta. Kisiwa hicho kina malipo ya motisha kwa watayarishaji wa filamu, ambayo leo yanafika hadi asilimia 40 ya matumizi yanayokubalika. Kina pia mabwawa ya Kalkara yaliyojengwa ukingoni mwa bahari, kiasi kwamba maji ya bwawa na upeo wa bahari halisi huonekana kwenye kamera kama kitu kimoja. Tena kina manahodha, wazamiaji na mafundi wa boti ambao wamekuwa wakifanya kazi hii tangu miaka ya 1960. Kwa maoni yangu hao watu ndio wenye uzito kuliko yote. Motisha hutungwa kwa sheria moja na bwawa huchimbwa kwa mkopo, lakini nahodha anayejua kusimamisha boti mita chache kutoka kwa mwigizaji anayezama, nje ya picha na bila kumgusa, hapatikani kwa msimu mmoja.

Kikosi cha usalama majini huongozwa na mratibu wa bahari, na kazi yake huanza wiki kadhaa kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi. Hukagua majira ya maji kujaa na kupwa, hupima kina, huwauliza wavuvi wa pale mkondo unavuta kuelekea wapi, na huandika tathmini ya hatari ya kila tukio lililomo kwenye mswada. Wazamiaji wakihitajika, lazima ajue chumba cha mgandamizo wa hewa kilicho karibu kiko wapi na mgonjwa atafikishwa kwa chombo gani.

Siku ya kazi ikifika, boti hugawanywa: kuna zinazoonekana kwenye filamu, kuna ya kamera, na kuna za usalama. Boti ya usalama hukaa upande ambao mkondo ungempeleka mtu akianguka. Injini inanguruma lakini gia haijaingizwa, na rafadha imezungushiwa kizimba ili isimkate mtu aliye majini. Ndani yake yuko dereva na muokoaji aliyekwisha kuvaa suti yake. Redio ya upepo haipigiwi soga. Watu huhesabiwa wanapopanda, huhesabiwa tena kabla ya kila kipande kurekodiwa, na huhesabiwa kipande kinapokwisha. Hesabu isipotimia, kila kitu kinasimama, hata kama jua zuri la jioni linazama na mwongozaji anapiga kelele.

Mavazi ni hatari ambayo watazamaji hawaifikirii. Joho la sufu na buti za ngozi zikilowa humvuta mtu chini kama nanga, kwa hiyo mafundi wa mavazi na watu wa usalama hulazimika kukaa meza moja: boya jembamba lifichwe wapi, vifungo gani vibadilishwe ili vazi livuke kwa mvuto mmoja. Chini ya maji hali ni ngumu zaidi. Mwigizaji hana miwani wala mtungi, haoni ila ukungu, na hewa yake iko mikononi mwa mzamiaji aliyejificha nyuma ya nguzo. Ni lazima afundishwe mapema kwamba aliyevuta hewa ya mtungi akiwa chini hapandi huku amebana pumzi. Hewa hutanuka kadiri anavyopanda, na mapafu yanaweza kupasuka hata kwenye kina cha mita chache. Na baridi nayo. Maji huondoa joto la mwili haraka kuliko hewa, ndiyo maana mabwawa mengi ya kupigia filamu hupashwa moto, na ndiyo maana saa za mtu kukaa majini huandikwa.

Gharama ya kazi hii huonekana kubwa mpaka mtu aangalie bahari inavyokula fedha pasipo mpango. Filamu ya Jaws, iliyopigwa mwaka 1974 katika bahari ya wazi ya Martha's Vineyard, ilipangiwa siku 55 ikachukua 159, na bajeti ya dola milioni 4 ikafika milioni 9. Papa wa mitambo waliharibiwa na maji ya chumvi, boti kuu ya filamu ilizama waigizaji wakiwemo, na mashua za watu wengine ziliingia kwenye picha ovyo. Katika siku ya kazi ya saa 12, kurekodi kwenyewe kulichukua wastani wa saa 4. Miaka ishirini baadaye Waterworld, iliyopigwa Hawaii, ilimezwa na hesabu ileile: jukwaa moja kubwa lilizama, na gharama zikapita dola milioni 170.

Hapo ndipo wahasibu wengi wa filamu hukosea wanapoiweka boti ya usalama upande wa matumizi ya kukwepwa. Boti hiyohiyo ndiyo huzuia mashua za wapita njia zisiingie kwenye picha. Huvuta jukwaa mahali pake mkondo ukilisogeza, hupeleka chakula na betri, na humrudisha pwani mwigizaji aliyechafukwa na bahari bila kusimamisha wengine. Inaokoa saa, na kwenye filamu ya bahari saa ndizo ghali. Watoa bima na watoa dhamana ya ukamilishaji, yaani wale wanaoahidi wawekezaji kwamba filamu itakwisha, wanalijua hilo, na huulizia jina la mratibu wa bahari kabla ya kutia saini.

Upungufu wa kazi hii huua watu pia. Tarehe 7 Novemba 2016, karibu na Bengaluru nchini India, waigizaji wawili wa filamu ya Kikannada Masti Gudi waliruka kutoka kwenye helikopta hadi bwawa la Thippagondanahalli. Hawakuwa na majaketi okozi. Wote wawili walikufa maji. Nyota wa filamu, aliyeruka pamoja nao, alinusurika. Haikuhitajika teknolojia yoyote ngeni kuwaokoa. Yalihitajika majaketi mawili, boti inayowaka mara moja, waokoaji walio tayari ndani ya maji, na mtu mwenye mamlaka ya kusema hakuna kuruka.

Hata penye fedha nyingi uzembe mdogo hutosha. James Cameron amesimulia jinsi alivyokaribia kufa akipiga The Abyss huko South Carolina, kwenye bwawa lililokuwa la mtambo wa nyuklia usiokamilika. Akiwa amevaa mizigo ya kumzamisha, hewa yake iliisha, na mzamiaji wa usalama aliyemfikia alimpa kidhibiti hewa kilichokuwa kibovu, akavuta maji. Ilibidi ampige mzamiaji ngumi ili amwachie apande juu. Mzamiaji alikuwepo na alifika. Kilichokosekana ni kifaa cha akiba kujaribiwa.

Kwa sababu hizi kazi imejaa vyeti. Uingereza ina kanuni za uzamiaji kazini za mwaka 1997 pamoja na mwongozo maalumu wa uzamiaji wa vyombo vya habari na filamu, na msimamizi wa uzamiaji huteuliwa kwa maandishi. Hollywood mabaharia wa filamu wamo katika chama cha IATSE, tawi la 80, pamoja na watu wa huduma ya kwanza. Kwa wanaotoka meli za kibiashara, mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, ndiyo mlango wa kawaida wa kuingilia. Malipo ni ya siku. Boti hukodishwa kwa mkataba wake, na mara nyingi mwenye boti hupata zaidi kwa chombo kuliko kwa mikono yake.

Ni kazi ya msimu, na inaweza kukatika ghafla. Cape Town ilijijengea jina kwa Black Sails na baadaye One Piece, filamu za mfululizo zilizotengenezewa meli nzima ndani ya studio. Lakini mwanzoni mwa 2025 wafanyakazi wa filamu wa Afrika Kusini waliandamana barabarani kwa sababu motisha za serikali zilikuwa hazilipwi. Fedha za motisha zikikwama, boti hubaki zimefungwa gatini hata kama wataalamu wapo.

Pwani yetu ina malighafi ya kazi hii. Chuo cha Bahari Dar es Salaam na Bandari Maritime Academy ya Mombasa hufundisha kozi za STCW. Zanzibar, Mafia na Watamu kuna wakufunzi wa uzamiaji, na hakuna mratibu wa kigeni atakayewashinda manahodha wa Nungwi au Lamu kujua siku za tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, bahari inapotulia. Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na Mamlaka ya Bahari ya Kenya tayari zinasimamia usalama wa vyombo. Ningependa kuona kila kibali cha kupiga picha majini kikidai mpango wa uokozi uliotiwa saini na mtu mwenye cheti, iwe ni filamu ya kigeni au video ya muziki inayopigwa kwa siku moja Coco Beach.

Na nahodha anayefuatwa na mtayarishaji asikubali kuzungumzia mafuta na bei ya siku peke yake. Aulize watu wangapi watapanda, nani hajui kuogelea, nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi, kisha bei ya boti ya pili, ile isiyopigwa picha, iandikwe kwenye mkataba uleule.