MTOTO WA KIBARUA NA MLANGO WA SAYANSI



Mwaka 2005 Serikali ya Uganda iliamua kwamba fizikia, kemia, baiolojia na hisabati ni masomo ya lazima hadi kidato cha 4. Wakati huohuo, karibu robo tatu ya nafasi za kusomeshwa na Serikali katika vyuo vikuu vya umma zilielekezwa kwenye sayansi, na wilaya zikagawiwa nafasi zao ili watoto wa mashambani nao wafike Makerere.

Nia ilikuwa njema. Lakini amri haijengi maabara. Mtihani wa kemia wa kidato cha 6 una sehemu ya vitendo: mwanafunzi hupewa bureti na dawa, apime mwenyewe. Mtoto wa kibarua wa shamba la chai, aliyeichora bureti daftarini tu, atashindanaje na mwenzake anayeishika kila wiki? Mlango wake umefungwa kijijini, miaka mingi kabla hajajaza fomu ya chuo.

Nafasi za wilaya nazo zina tundu. Mtoto aliyesoma shule kubwa ya Kampala akiomba kwa jina la wilaya ya babu yake, nafasi itahesabiwa kuwa ya kijiji, na kijiji hakikupata kitu. Mikopo ya elimu ya juu iliyoanza mwaka 2014 hulipa ada. Chakula na malazi humwangukia mzazi.

Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo mengine, wakiongozwa na chama chao UNATU, waligoma mwezi Juni wakidai haki sawa. Madai yao yalikuwa na msingi: asiyefundishwa kusoma kwa ufahamu hataelewa hata swali la fizikia. Tena mshahara peke yake haumweki mwalimu kijijini asikokuwa na nyumba.

Basi tufanye nini? Matawi yetu ya mashambani, yanapokaa mezani na waajiri, yasidai nyongeza ya mshahara tu. Yadai pia maabara na nyumba za walimu katika shule wanazosoma watoto wetu. Chai tunaichuma sisi. Haki ya watoto wetu kusoma sayansi tuidai sisi pia.